Kinanda Kisichotaka Kuguswa

Nilikwenda Nairobi kununua spika nne, nikarudi Garissa na spika tatu na sanduku la mbao lenye mlingoti. Nyumbani nilizihesabu tena, nikitumaini hesabu ya pili ingenitolea ile ya nne. Zilikuwa tatu.

Kazi yangu ni kukodisha vipaza sauti. Harusi, mikutano ya wazee, ufunguzi wa kisima, mtu anayetafuta kura: wote hupitia kwangu, na wote hudai kwamba mwenzangu wa mtaa wa pili anakodisha kwa nusu ya bei. Kabla ya hapo nilikuwa dalali katika soko la mifugo. Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikudanganywa. Nilijidanganya mwenyewe, kazi ambayo pia naifanya kwa ustadi.

Mwenye duka alikuwa mzee mwembamba anayeuza vyombo vikuukuu vya muziki. Aliliwasha lile sanduku, akasimama mbele yake kama mtu anayeota moto, akainua mkono wa kulia hewani. Sanduku likaimba. Hakuligusa. Aliusogeza mkono karibu na mlingoti, sauti ikapanda; akaurudisha, ikashuka. Ubavuni kulikuwa na kitanzi cha chuma, na hapo ndipo mkono wa kushoto ulipofanya kazi: ukishuka, sauti inanyamaza, ukiinuka, inarudi. Hakuna uzi wa kukwaruza wala kidude cha kubonyeza.

"Ni redio?" nikauliza.

"Ni kinanda."

"Kinapigwa wapi?"

"Hewani."

Nikataja bei ya matusi, ile unayoitaja ili mtu akufukuze kisha akuite. Akakubali. Mtu yeyote wa kwetu anajua uchungu wa bei ya kwanza kukubaliwa: ina maana ungeanzia chini zaidi. Niliumia njia nzima, na tulipofika Mwingi bado nilikuwa najilaumu.

Mke wangu alikizunguka mara moja. "Ukikigusa kinafanya nini?"

"Hakiguswi."

"Basi umeleta mke wa pili," akasema, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikakiita Usiniguse.

Mimi nilikuwa na hoja yangu. Kwetu dalali hatangazi bei kwa mdomo. Anayeuza na anayenunua hupeana mkono wa kulia, mikono ikafunikwa kwa shali, na maneno yote yakapita huko chini kwa vidole. Kidole kimoja ni moja, au kumi, au mia, kulingana na mnyama aliyesimama mbele yenu. Kiganja kizima ni tano. Juu ya shali nyuso zimetulia, watu wanaulizana kama mvua imenyesha Bute. Chini ya shali wanachinjana. Basi nikajiambia: mikono iliyosema ngamia kwa miaka kumi na minane itashindwa na sanduku? Sikufikiria jambo moja dogo, kwamba miaka yote hiyo nilikula kwa kugusa, na sasa nimenunua chombo cha pekee duniani ambacho kugusa hakina haja nako.

Aliyenifundisha udalali ni abti, ndugu wa mama yangu. Katika siku zake, watu walisema ukipeana naye mkono, hesabu vidole vyako ukimaliza. Mimi nilikuwa navihesabu kweli. Lakini tangu mwaka uliotangulia mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Daktari alimpa dawa na jina la ugonjwa. Dawa alizinywa, jina alilikataa.

Mkono unaotetemeka nyumbani ni ugonjwa tu. Chini ya shali ni habari mbaya. Mwenzako anahisi tetemeko na kusoma woga. Au wewe unasema tatu, yeye anasoma nne, shali linafunuliwa na ugomvi unaanza mbele ya mbuzi. Ilitokea mara mbili. Baada ya hapo hakuna aliyemtukana abti, na hilo ndilo lililokuwa baya. Walimsalimia kwa mdomo, kwa heshima zote, wakaenda kupeana mikono na wengine. Naye akaanza kuuficha mkono ndani ya shali lake. Msikitini akawa wa mwisho kuingia na wa kwanza kutoka, kabla watu hawajageukiana kusalimiana. Akauza wanyama wake kidogo kidogo kwa kuwapitia watu wengine. Wanyama walipokwisha, akatangaza kwamba anahamia Kotile kwa dada yake mdogo. "Kule nitachunga wa watu," alisema. "Mbuzi hasomi mkono."

Sanduku lake la nguo lilifungwa. Safari ilikuwa Jumamosi. Nilimwambia asiende, akaniuliza nina sababu gani, na mimi ambaye naweza kumpa mtu sababu saba za kukodi spika asiyoihitaji sikuwa na hata moja.

Sasa turudi kwenye aibu yangu.

Miezi minne nilijifunza Usiniguse uani. Tatizo la kwanza lilikuwa waya wa erthi. Chombo kile kinataka waya unaoingia ardhini vizuri, na ardhi ya Garissa wakati wa kiangazi ni vumbi lililokauka mpaka chini. Bila erthi kilinguruma kama tumbo la ngamia. Fundi mmoja alinishauri nipigilie nondo ardhini na kuimwagilia maji. Kwa hiyo kila alasiri, kabla ya muziki, nilimwaga nusu mtungi kwenye chuma. Mama wa nyumba ya pili alinitazama juu ya ua kwa siku tatu.

"Jirani," akauliza siku ya nne, "hiyo nondo itazaa lini?"

"Inshallah mwezi wa tano."

"Ikizaa mabati, unikumbuke."

Tatizo la pili lilikuwa mimi. Nilichagua wimbo wa kunywesha ngamia kisimani, kwa sababu ni mfupi na kila mtu anaujua. Hapo tayari nilikuwa nimekosea: wimbo ambao kila mtu anaujua una mashahidi wengi. Mkono wangu hewani ulikuwa hauna pa kushika. Nilitafuta sauti ya kwanza nikapata ya tatu. Nilipotafuta ya tatu, nilipata kitu kilichokuwa kati ya birika na mbuzi anayebebwa kwa masikio. Mke wangu alisema tunaendelea vizuri, kuku wamerudi kutaga. Kwa jirani.

Kisha msichana mmoja wa mtaani kwetu, aliyesomea mambo ya sauti Nairobi, akaandaa alasiri ya watu wanaopiga vyombo vya umeme peke yao, mmoja mmoja, katika ukumbi karibu na barabara ya soko. Alikuwa anakodi spika zangu. Katika kupatana bei nilimwachia kidogo, kwa sharti kwamba nami nipige. Yaani nililipa ili niaibike. Nimelihesabu hilo mara mbili na linatoka vilevile.

"Uncle, uko na dakika kumi tu, sawa?" akaniambia. "Na wewe ndiye wa mwisho."

Nilidhani ni heshima. Wa mwisho ni yule anayeweza kuwaharibia wachache zaidi.

Nilimwomba abti aje. Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya safari yake. Nilimwambia wimbo ni ule aliotuimbia utotoni, na nisingependa aondoke bila kuusikia. Akasema ameusikia uani kwangu miezi minne, na kama ningempenda ningemwacha aondoke. Lakini alikuja. Aliketi mstari wa nyuma kabisa, mkono ndani ya shali.

Watu walikuwa arobaini na watatu. Nilirudia kuhesabu wakawa arobaini na mmoja, kwa kuwa wawili walikuwa wametoka. Kijana wa kwanza alikuwa na ubao wa vitufe vinavyowaka. Alivibonyeza kwa vidole vyote, na kila kitufe kilitoa sauti aliyoirekodi mwenyewe: kengele ya mbao ya ngamia, msukosuko wa maziwa ndani ya kibuyu, kondakta akiita abiria wa Lafey. Watu walicheka na kupiga makofi. Kisha msichana mwenyewe akapuliza filimbi ya umeme, bomba jeusi lenye waya, nayo pumzi yake ikawa upepo, kisha mvua juu ya mabati, mpaka mzee mmoja akatazama dari. Nilitokwa na jasho. Nilikuwa nimekuja na birika.

Nikaunganisha waya wa erthi kwenye bomba la maji nje ya dirisha, nikawasha, nikainua mkono. Sauti ya kwanza ilitoka safi. Naomba hilo liandikwe. Sauti ya kwanza ilikuwa safi.

Ndipo watu wakaona kwamba siligusi sanduku.

Watu wa mji wangu hawanunui kitu bila kukikagua. Mstari wa mbele uliinama. Mstari wa pili ukasimama. Mzee mmoja akaja kabisa, akatazama chini ya meza kutafuta uzi. Na chombo kile, kwa kuwa kinasikia mwili wowote ulio karibu, hakitofautishi mkono wa mpigaji na tumbo la mtazamaji. Kila aliyesogea, sauti ilipanda. Wimbo wa kisimani ukaanza kukimbilia juu kama ngamia aliyeona nyoka.

"Rudini nyuma!" nikasema kwenye kipaza sauti. "Jamani, tafadhali, rudini nyuma!"

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu kubwa, na ni kosa ambalo dalali wa zamani hakupaswa kulifanya. Kwetu muuzaji akikwambia usisogee, maana yake ana kitu. Wakaja wote. Waliokuwa nje wakaingia. Wamenizunguka kama mnyama wa mnada, na sanduku linapiga kelele juu zaidi ya kipimo cha masikio.

"Waryaa, kwani hii kitu inauma?" mmoja akaniuliza. "Si uishike tu!"

"Haishikwi," nikajibu, mikono hewani.

"Anaizungukia kama bwana ambaye hajalipa mahari," akasema mwingine, na ukumbi ukaanguka kwa kicheko.

"Hata mimi naipiga," akasema wa tatu, akatikisa tumbo lake mbele ya mlingoti. Na kwa kweli alipiga, vizuri kuliko mimi. Alipata makofi. Dakika zangu kumi zilikwisha zikiwa sita, kwa kuwa msichana alinionea huruma akazima spika za ukumbini. Nilishukuru, watu wakamshukuru yeye zaidi.

Wakaanza kutoka kwenda kutawadha, magharibi ikiwa karibu. Mimi nilibaki nazungusha nyaya, nikiwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia mke wangu kabla hajaambiwa na jirani. Sanduku lilikuwa bado linawaka, likibaki na spika yake ndogo ya ndani. Abti akaja polepole kutoka nyuma mpaka mbele ya meza.

"Unajua kosa lako?" akasema.

"Nayajua kadhaa, abti."

"Mkono wako mgumu. Unaupeleka kama mtu aliyekwisha kuamua bei. Mkono unatakiwa kuuliza." Na kwa kuwa amenifundisha hivyo tangu nikiwa kijana, bila kufikiri akatoa mkono wake ndani ya shali ili anionyeshe.

Sanduku likaimba.

Sijui nieleze vipi. Sauti yangu mimi ilikuwa imenyooka, kama king'ora. Ile ilikuwa inatikisika, pana, laini, kama koo la mwanamke mzee anayeita wanyama wake warudi jioni. Wapigaji wa chombo kile hujifunza kwa miaka kuutikisa mkono hivyo, hilo mwenye duka aliniambia. Abti hakujifunza. Alikuwa amejaribu kwa mwaka mzima kuuzuia usitikisike.

Aliurudisha mkono haraka kama aliyeungua. Sauti ikazama. Akatazama mlangoni. Watu waliokuwa wakitoka walikuwa wamegeuka pale, viatu mkononi.

"Ni wewe?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi nimeshika waya, abti."

Akautazama mkono wake. Kisha akautoa tena, safari hii akijua. Hakupiga wimbo mzima, nisimwongezee. Alipata sauti tatu za mwanzo, akapotea, akazirudia, akapotea palepale. Lakini mara ya tatu akaimba na chombo kwa chini, kwa koo lake lenye vumbi, yale maneno ya kumwambia ngamia kwamba maji yapo na asiharakishe. Hakuna aliyesogea. Mimi niliyejifunza miezi minne nilishindwa kuwarudisha watu hawa nyuma hatua moja. Yeye hakusema neno, wamesimama mlangoni kama wamefungwa kamba. Nilifurahi, wallahi. Pia nilikuwa na wivu ambao hata sasa sijaumaliza. Waliokuwa mlangoni walikuwa kumi na saba. Sikurudia.

Alipomaliza alishusha pumzi, akatazama sanduku juu na chini, mlingoti, kitanzi, mkwaruzo wa ubavuni. Nilimjua mtazamo ule.

"Unauza?"

"Siuzi."

"Nipe mkono."

Sikumbuki mara ya mwisho alipomwambia mtu maneno hayo. Nilimpa. Akatufunika kwa shali lake. Waliokuwa mlangoni wakaja karibu, maana sasa hili walilielewa.

"Ni mbuzi," akasema kwa mdomo, ili nijue ni hesabu ya nini.

"Mbuzi huna, abti. Umeuza wote."

"Soko lipo."

Vidole vyake vikashika vyangu. Vilikuwa vikavu, vyepesi, na vilitetemeka kama kifaranga. Nilihesabu wanne. Nikahesabu tena, kama kawaida yangu, wakawa watatu. Mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili, lakini sijapanga la kufanya hesabu mbili zikikataana. Nikamtazama usoni. Alikuwa ametulia kabisa, kama anayengoja habari za mvua. Nikaamua kuwa mpwa mwema.

"Nimekubali," nikasema.

"Umekubali ngapi?"

Nikatazama shali.

"Nakuuliza, umekubali ngapi?"

"Sijui, abti."

"Basi hukukubali. Umenihurumia." Hakupandisha sauti, lakini watu wote walisikia. "Huruma siinunui. Shika tena, na usikimbie. Mkono unasema polepole siku hizi, haujanyamaza."

Nikashika tena. Safari hii sikuhesabu, nilingoja. Nilikishika kila kidole mpaka tetemeko lake likawa kama mtikisiko wa lori, kitu unachokizoea na kuacha kukisikia, na chini yake kulikuwa na neno, limesimama imara. Wawili. Mzee yule alikuwa ananipa mbuzi wawili. Na mimi kwa huruma yangu nilikuwa nimempandishia.

Nikakasirika, kwa furaha kubwa. Nikamkamata vidole vitano, yaani kiganja kizima. Akaniachia kwa dharau, akarudi kwenye viwili, akikunja cha pili nusu kunitukana. Nikashuka hadi wanne. Juu ya shali aliniuliza watoto wanaendeleaje na shule. Nikamwambia alhamdulillahi. Chini akanifinya. Mwadhini alianza, na hapo ndipo tulipofungana kwenye watatu. Akafunua shali.

"Watatu," tukasema pamoja.

Dalali mmoja, katika wale waliokuwa wakimsalimia kwa mdomo, alikuwa amesimama kando yetu muda wote. Alinyoosha mkono wake wa kulia, na abti akaukubali, na yule mtu akaushika kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Nilimwona anajifunza.

Jumamosi gari la Kotile liliondoka bila abti. Alisema hawezi kusafiri na deni la mbuzi. Jumatano alikwenda sokoni, mara ya kwanza tangu mwaka jana, na jioni alifika uani kwangu akiwa amewatanguliza mbuzi wangu. Usiniguse kilikwisha kwenda kwake. Nondo yake aliipigilia chini ya mti ambao tayari anaumwagilia, kwa hiyo hakuna jirani anayemcheka.

Nikawahesabu mara mbili. Watatu, na watatu. Nikawafungua kuwapeleka nyuma ya nyumba, na wa tatu akaja akichechemea.

"Abti, huyu ana mguu mbovu!"

Alikuwa amekwisha kufika langoni. Akaupunga mkono wake wa kulia, nje kabisa ya shali, ukitetemeka mbele ya mtaa mzima.

"Miguu hukuuliza," akasema.